Kitambaa cha Jibini

Mmeniomba kipimo. Mjukuu wangu Raya kanisogezea simu mpaka puani, kaiwasha, kasema, "Bibi, taja unga vikombe vingapi, maziwa vikombe vingapi, basi, sisi tutaandika." Haya. Lakini kama kazi hii ingekuwa ya vikombe tu, mie nisingekaa jikoni miaka thelathini, ningekaa siku mbili nikaenda zangu kulala. Kipimo ntakupeni, msiwe na wasiwasi. Kwanza kaeni kitako, nyinyi nyote mnaotaka kupika chapati za jibini majumbani mwenu mkaziuza kwa simu, nikuelezeni nani alonifundisha mie. Maana miezi miwili iliyopita mtu huyo alikuwa hataki kula, na mie niliingia khofu kama niliyoipata mama yangu mzazi alipougua.

Kwa wasionijua, jina langu Zuwena. Nilizaliwa Unguja, nikaja Maskati msichana, na sasa nipo Sib na magoti mabovu. Hakuna alonistaafisha ila hayo magoti. Kazi yangu ilikuwa vitamu vya kuagizwa, na khasa kimoja: palachinta, chapati nyembamba za Kihungaria. Ndani zinatiwa jibini laini yenye sukari na zabibu, zinakunjwa, zinamiminiwa malai, ile krimu ya maziwa, juu, kisha zinaingia kwenye oveni. Wateja wangu hawakuliweza jina, wakaziita chapati za jibini za Bi Zuwena. Nikiwasahihisha siku zote, nawambia si zangu, za Mama Ilona. Wengine mpaka leo wanadhani Mama Ilona ni shangazi yangu.

Siku hiyo nilikuwa nachagua mchele, adhuhuri bado kuadhiniwa, simu ikalia, nikaona uso wa Kati. Kati ni binti yake Mama Ilona. Udogoni alikaa Wattaya, mtaa wa hapa Maskati, na wazazi wake. Sasa yuko kwao Hungaria, mwalimu wa skuli, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Huwa ananipigia siku ya Idi na mwaka mpya wao unapoingia, tunazungumza Kiarabu alichokipata hapa udogoni. Siku hiyo haikuwa Idi wala mwaka mpya, nikajua kuna jambo.

"Zuwena," akasema, "Mama hali. Leo siku ya nne. Anakunywa chai kidogo na maji, lakini supu anaisukuma, mkate anausukuma. Daktari anasema akiendelea hivi mpaka Jumatatu watamtia mpira wa puani."

Mama Ilona ana maradhi ya kusahau. Siku nyengine anamjua Kati, siku nyengine anamwita kwa jina la dada yake aliyekwishakufa. Hilo nilikuwa nalijua. La kutokula lilikuwa jipya.

"Mwenyewe anataka nini?" nikamwuliza.

"Hasemi. Nimefikiria palachinta zake. Lakini Zuwena, mimi sijui kuzipika. Hakupata hata siku moja kuniacha niingie jikoni, kila nikija ananambia nenda kasome. Wewe unajua. Nifundishe."

Tazameni mambo. Mtoto wa Hungaria ananiuliza mie, mwanamke wa Unguja nilokaa Sib, chakula cha mama yake. Nikaweka ungo wa mchele chini. Nikamwambia achukue kalamu, na hapo hapo nikakumbuka siku ya kwanza mama yake aliponiwekea kikaango mbele yangu, na mimi nilivyomjibu.

Nilimjibu, "Hii naijua."

Nilikuwa mjane kijana, na watoto wawili wa kike, nakaa kwa kaka yangu Wattaya chumba cha nyuma. Wifi yangu alisikia kuna mama wa kizungu mtaa wa pili, mume wake mhandisi, anapika vitamu vya kuagizwa nyumbani kwake na anatafuta mtu wa kumsaidia. Nikaenda, nimevaa abaya yangu nzuri, kama naenda harusini. Mama Ilona hakuitazama abaya. Alivunja mayai, akatia unga na maziwa, akakoroga uji mwepesi, na mie nikajisemea moyoni, ah, chapati za maji. Nani asojua chapati za maji? Kwetu zinapikwa Ramadhani nzima. Nikamtoa upawa mkononi. Nikauliza hiliki iko wapi, nikatia. Nikatia samli kikaangoni, nikamimina chapati nene ya kushiba, kama nilivyofunzwa na mama yangu.

Ilikuwa nzuri, wallahi, sisemi uongo. Mama Ilona aliila yote, amesimama hapo hapo. Akapangusa mikono, akanambia kwa kile Kiarabu chake cha sokoni, "Nzuri. Hii ya mama yako. Sasa nataka ya mama yangu."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini hakunifukuza. Akaosha kikaango, akanisogezea, tukaanza upya. Tangu siku hiyo, msichana akija kutaka kazi kwangu, simwulizi anajua kupika nini. Nampa kitu asichokijua nikamsikiliza kama anaweza kusema sijui. Akiweza, nampa aproni.

Haya, andikeni sasa. Unga vikombe viwili, mayai matatu, maziwa kikombe na nusu, chumvi chembe, sukari kijiko kimoja. Korogeni mpaka madonge yaishe, kisha muuache upumzike nusu saa. Msinambie hamna wakati, nusu saa ndiyo ya kuoshea vyombo mlivyovichafua. Mkishawasha moto, ndipo mtie kikombe kimoja cha maji ya gesi, yale ya chupa yasiyo na sukari. Nilipomwona Mama Ilona akiyatia mara ya kwanza nilidhani anafanya mzaha. Kumbe gesi ile ndiyo inayoitoa chapati nyepesi, ina vitobo vidogo vidogo. Mkiyatia mapema gesi yote inatoka na mtapata kitambaa cha kudekia.

Chapati ya kwanza itaharibika. Msinune. Ile si ya mtu, ni ya kikaango. Mie nilikuwa nikiiharibu naanza kujilaumu, unga umekosa nini, moto umekosa nini, na Mama Ilona anaikunja anaila bila ya kuitazama, anasema, "Bado." Hilo ndilo neno lake la kwanza la Kiswahili. Alilipata kwangu, maana kila akiniuliza kama kitu kimeiva nilikuwa namjibu bado. Baadaye akajua tosha, na pole pole, na wapi, na toa, na kunja, na kitambaa. Kiswahili chake chote kilikuwa cha jikoni. Hakuweza kukuamkia, lakini kukugombeza kutoka kwenye jiko mpaka kwenye friji aliweza.

Na hiyo "bado" alikuwa anaitumia kwa kila kitu. Chapati haijaiva, bado. Mteja hajaja, bado. Akila kitu akataka chengine, anaisogeza sahani mbele yako, "Bado." Mume wake alikuwa akicheka, anasema mke wangu kajifunza neno moja na limemtosha.

Msidhani lakini kwamba mie kila siku nilikuwa mwanafunzi mtiifu. Mama Ilona alipokwisharudi kwao, nimeanza kupika kwangu Sib, bwana mmoja wa kijiji cha Yiti alikuja kuniomba nimtilie papa mkavu ndani ya palachinta badala ya jibini, na pilipili. Nilimwambia huo ni wazimu. Akanibembeleza, mkewe mjamzito, hana analolitamani ila hilo. Nikamtilia. Alirudi mara tatu, na mtoto alipozaliwa akaniletea kapu la samaki. Mama Ilona angelijua hilo angenifutia jina, kwa hiyo mkikutana naye nyinyi hamjasikia.

Sasa jibini, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kwao Hungaria inauzwa kila duka. Hapa kwetu wakati ule haikuwapo, ikabidi tuigandishe wenyewe. Maziwa tukiyapata kwa mzee mmoja wa hapa Sib mwenye ng'ombe, anayaleta Wattaya kwa gari lake, anapiga honi mpaka mtaa mzima uamke. Nyinyi chukueni yale ya friji, msichukue yale ya boksi yanayokaa rafuni miezi, hayagandi ya maana. Tieni kijiko cha mtindi, funikeni, yaacheni. Mwezi wa kwanza yanataka siku nzima dirishani. Mwezi wa sita, na joto letu hili, mkiyaweka asubuhi alasiri tayari, na mkichelewa yanakuwa machungu.

Yakishaganda, yapasheni moto mdogo sana. Yasichemke. Yakichemka jibini inakuwa ya kutafuna kama kandambili. Mama Ilona alikuwa na kipimajoto cha kioo, nikakivunja wiki ya pili. Alikiangalia chini vipande vipande, akaninyanyulia kidole chake cha shahada. Tangu hapo tukapima kwa kidole kilichooshwa: kikistahamili mpaka uhesabu kumi lakini kumi na moja hakiwezi, zimeni. Kisha mnamimina ndani ya kitambaa chepesi cha melimeli, mnakifunga, mnakitundika kwenye bomba la kuoshea vyombo mpaka maji yaache kutona. Kitakachobaki ndani ndiyo jibini. Tieni sukari, kiini cha yai, ganda la ndimu la kukwaruza, na zabibu zilizoroweka.

Na kitambaa kioshwe kwa maji na sabuni isiyo na harufu, kianikwe juani, basi. Nasema basi. Nimeiandika amri hiyo ukutani kwangu kwa wino, Raya anaijua. Sasa ntakwambieni kwa nini.

Ilikuwa Ramadhani yangu ya pili kwa Mama Ilona. Mume wake kaalika wenzake wa kazini na wake zao kufuturu, watu ishirini, Waomani watupu. Mama Ilona alikuwa hajapata kualika watu wengi hivyo, na alitaka awape chakula cha kwao, wasije wakasema mke wa mhandisi kanunua sambusa. Jikoni kwake hapakuwa na nafasi. Akanambia, "Zuwena, jibini wewe. Kwako." Mnaelewa maana yake? Mara ya kwanza ananiachia jibini peke yangu. Nilirudi nyumbani natembea juu juu.

Nikataka kila kitu kiwe cha heshima. Kile kitambaa cha kila siku nilikiona kimechakaa. Nikafungua sanduku langu, nikatoa melimeli mpya alonipa mama yangu, sijaitumia hata mara moja. Nikaifua. Ilipokauka nikatia mkaa kwenye chetezo, nikatupia ubani wa Dhofari, ule mweupe mzuri, nikakifukiza kitambaa kile upande huu na upande huu. Nyinyi mnajua mila yetu. Kopo la maji ya mgeni tunalifukiza, kanga ya kumtandikia tunaifukiza. Kwetu sisi kitu cha mgeni hakijawa kisafi mpaka kipite moshini. Sikuwa mzembe, wanangu. Nilikosa kwa heshima.

Jibini ikatona usiku kucha ndani ya ubani. Siku ya pili nimefunga, siwezi kuonja. Nilinusa, sikusikia kitu, kwa sababu nyumba yetu nzima ilikuwa inanukia hivyo hivyo, nywele zangu, abaya yangu, mapazia. Pua yako haiisikii nyumba yako. Nikaipeleka, nikapika chapati zote, nikachanganya jibini na sukari na zabibu. Baada ya alasiri Mama Ilona akaja na kijiko chake. Mchana wa Ramadhani alikuwa hali mbele yangu hata siku moja, lakini mpishi lazima aonje, akanigeuzia mgongo akaonja.

Akasita. Akalinusa bakuli. Akageuka akanitazama.

"Zuwena. Kitambaa toa wapi?"

"Sandukuni, Mama," nikamjibu. "Kisafi. Nimekifukiza ubani."

Aliweka kijiko chini pole pole. Jibini nyengine inataka siku nzima, wageni watafika baada ya muda wa saa mbili tu. Niliwaona wanangu wawili kule chumba cha nyuma, na wifi yangu ananiambia si nilikwambia. Mama Ilona hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Alifungua kabati, akatoa chupa nne za jemu ya mishmishi, yale matunda madogo ya rangi ya machungwa, aliyoletewa na dada yake kutoka kwao. Akaziweka mbele yangu. "Kunja," akasema. Nikakunja chapati sitini, machozi yananitoka.

Wageni walikula wakafurahi, wakaomba za kuchukua nyumbani. Hakuna alojua. Wakati wanakunywa kahawa barazani, nikaingia jikoni kuchukua mkoba wangu, nimekwishajua kesho siitwi tena. Nikamkuta Mama Ilona amesimama na lile bakuli la jibini yangu kifuani, anakula kwa kijiko cha supu, na machozi yanamteremka.

"Mama, itupe," nikamwambia. "Nisamehe, itupe."

Akatikisa kichwa. Akanieleza kwa Kiarabu chake na mikono yake, na mie nikafahamu nusu, nusu nyengine nikaipata miaka iliyofuata. Alipokuwa mdogo bibi yake alikuwa akimshika mkono kila Jumapili wanakwenda kanisani kijijini kwao. Ubani ule ule ndio padri anaoufukiza. Wakitoka wanarudi nyumbani, nguo zao zinanukia moshi, na bibi anampikia palachinta za jibini, zikiwa ovenini yeye anamlalia mapajani anasubiri. Bibi alikufa yeye ana miaka minane. Tangu hapo alikuwa hajapata tena harufu ile na ladha ile mahali pamoja.

Alilila kosa langu siku tatu. Mume wake hakupewa hata kijiko. Siku ya nne alikwenda sokoni akanunua melimeli, akakata vitambaa sita, akavipanga mbele yangu. "Hivi vya kazi," akanambia. "Maji, sabuni, jua. Tosha." Akanipa na ufunguo wa jikoni kwake. Niliutumia miaka kumi na mbili.

Kwa ufunguo ule watoto wangu wamesoma. Mama yake Raya huyu anayenishikia simu ni muuguzi, na mdogo wake anasomesha hesabu. Mkataba wa mhandisi ulipokwisha, Mama Ilona aliniachia vikaango vyake viwili na oveni, na mie nikampa bati jekundu la biskuti nimelijaza ubani. Tulisimama mlangoni. Nilikuwa na maneno mengi nimeyapanga tangu asubuhi, ya kumshukuru kwa kila kitu, na yote yakanikimbia. Nilimwambia safari njema tu. Hilo limenikaa rohoni miaka yote hii, kwa hiyo mkiwa na mtu wa kumshukuru, mshukuruni leo, msingoje mlangoni.

Basi, narudi kwa Kati. Nilimfundisha yote hayo kwa simu, na yeye kanunua jibini ya dukani, nzuri, freshi. Chapati ya kwanza ikaharibika, akataka kulia, nikamwambia ile ya kikaango, endelea. Alizipika vizuri kushinda nilivyopika mie siku ya kwanza. Akaniaga kwenda kumpa mama yake. Mie nikakaa na simu mapajani, mchele sikuugusa, adhuhuri nikaiswali nafsi yangu haipo.

Alipiga tena. "Hakula, Zuwena. Aliinusa, akaisukuma."

"Aliinusa?"

"Ndiyo. Aliinusa sana, kama anatafuta kitu. Kisha akaisukuma."

Nikamwuliza, "Kati, lile bati la ubani nililompa mama yako lipo?"

Hakujua bati gani. Akaenda kutafuta, mie nasikia makabati yanafunguliwa na kufungwa. Akarudi nalo, jekundu vile vile, limekwaruzika pembeni. Lilikuwa kabatini chini ya vitambaa vyake vya kichwa. "Hili? Limejaa nusu. Nilidhani dawa."

"Nusu?" nikasema. Mie nililijaza mpaka kifuniko kilikuwa hakifungi.

Nikajua nusu nyengine Mama Ilona kaifukiza mwenyewe. Nilimwambia atafute mkaa na sufuria kuukuu, akate kitambaa kipya cha pamba, akifukize, kisha apashe maziwa yaliyoganda na kuyachuja mwenyewe kwa kitambaa hicho, yatone mpaka kesho. Alitii, lakini kengele ya moshi ya jengo lao ilipiga, jirani akaja na ndoo ya maji. Nilimwona kwa simu, mzee mmoja na suruali ya kulalia, anamwuliza Kati kulikoni. Kati akamwambia anatengeneza jibini. Yule mzee akaondoka na ndoo yake, anageuka nyuma.

Miaka yote nimewakataza wasichana wangu wasifukize kitambaa cha jibini, na siku hiyo nilikuwa namfundisha mtoto wa Mama Ilona namna ya kukosea.

Kesho yake mchana Kati aliniegemeza, mie ndani ya simu, kwenye kopo la sukari, nikaona meza yote. Mama Ilona alikuwa mwembamba, nywele nyeupe, ameweka mikono mapajani kama mgeni. Kati akamwekea sahani, palachinta mbili. Raya alikuwa pembeni yangu amenishika bega.

Alinusa. Akainamia sahani, akanusa tena. Mkono ukanyanyuka, na Kati akafumba macho, alidhani anasukuma. Hakusukuma. Alichukua uma, akakata kipande, akakitia kinywani, akakitafuna muda mrefu. Akakata chengine. Alipomaliza ya kwanza akanyanyua kichwa, akatazama jiko, akatazama bomba, kama kuna mtu amesimama pale. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya kugombeza:

"Zuwena. Kitambaa toa wapi?"

Kati akaitazama simu. Tangu udogoni alikuwa hajamsikia mama yake akisema lugha hiyo.

"Sandukuni, Mama," nikamjibu. "Kisafi. Nimekifukiza ubani." Kisha nikamwambia na lile nililoliacha mlangoni Wattaya. "Ahsante, Mama. Ahsante kwa yote."

Sijui kama alilisikia hilo. Alikuwa anakula ya pili. Alipoimaliza akaipangusa sahani kwa kipande cha mwisho, akaweka uma, akaisukuma sahani mbele ya Kati.

"Bado," akasema.

Kati machozi yanamtoka, anaitazama sahani iliyosukumwa, anaitazama simu. "Kasema nini, Zuwena? Hataki tena?"

"Kasema hajashiba," nikamwambia. "Mpe nyengine."